Nilimpiga mkwe wangu ili damu ya mpwa wangu ikome

Admin, jina langu lifiche, ingawa nikikohoa tu watu wa Mnyambe mpaka Masasi mjini wananitambua. Nina miaka hamsini na mbili, shule niliishia la nne maana walimu walikuwa wananiogopa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho mimi nanunua, na gunia lililojaa nalinyanyua kwa meno. Sitanii.

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba. Mpwa wangu ameolewa na mwalimu wa kuja, mtu wa Singida, na ana mimba changa. Ile ya kwanza ilitoka. Jumatatu dada akaja mbio analia kwamba binti anatoka damu. Huku kila mtu anajua, mwenye mimba akitoka damu mume ametembea nje, na haikomi mpaka amtaje huyo mwanamke. Nikachomoa mpini wa jembe.

Nilimkuta mwalimu anafunga mto kwenye siti ya pikipiki ampeleke mkewe hospitali. Akanipa shikamoo, nikamwitikia kwa mpini. Nilimpiga mgongoni, nikampiga mbavuni, mkono aliokingia ukalia kama kuni kavu. Mpwa wangu yuko kizingitini, kanga imelowa, anamwambia, "Mwalimu, mtaje tu, mtoto anaondoka." Ndipo akataja jina, eti muuza vitumbua wa stendi ya Newala. Jioni damu ikapungua, habari ya hospitali kwa binti ikaishia hapo. Kijiji kizima kikaja kunipa mkono. Nikawaambia hata mvua nikiichapa inakatika.

Kesho yake nikaenda Newala nimtandike na huyo mwanamke. Stendi nzima hakuna mwenye jina hilo. Nikapitia hospitali alikolazwa mwalimu, mkono umefungwa hogo la plasta. Hakunitukana. Alisema, "Mjomba, hilo ni jina la bibi yangu, alishakufa. Ungeendelea ningemtaja na babu." Nesi akasikia, akanigeukia pale pale mbele ya wagonjwa. Akasema mimba changa inaweza kutoa damu hata mume akiwa malaika, na ikirudi binti aletwe mbio, tumbo likimuuma ndiyo kabisa.

Nilirudi, na yale ya hospitali sikumwambia mtu. Watu bado walikuwa wananiamkia kwa adabu mpya.

Leo asubuhi damu imerudi, na tumbo linamuuma upande mmoja. Nimeazima pikipiki, nimefunga ule ule mto. Hataki kupanda. Anasema hospitali haiyajui mambo ya namna hii. Amelala mkekani, amenishika mguu, ananiambia taratibu, "Mjomba, kampige tena. Amebakiza mmoja."

Wanawake wamejaa mlangoni wananingoja nibebe mpini. Wanaojua kwamba hakuna wa kwanza wala wa pili ni mwalimu, nesi na mimi, wao wako hospitali, aliye hapa ni mimi peke yangu. Nikisema, kesho hata watoto watanicheka. Naandika haya nyuma ya choo, mimi ambaye sijawahi kujificha.

Ndugu zangu, nianzie wapi kumwambia? Nijibuni sasa hivi, mkeka umeshalowa.