Fundi Aliyemsimamisha Mwimbaji Sebuleni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Dorika Mwalongo ni kwamba alizipima spika kwa mikono kabla ya kuzitazama. Mteja angeweza kusifu mbao, kitambaa na nembo inayong'aa. Dorika angemwacha amalize, kisha angeinyanyua spika kama mtu anavyonyanyua kabichi sokoni, akaishusha, akainyanyua tena, macho yake yakiwa barabarani. Baadaye alinieleza kwamba uzito wa spika umo kwenye sumaku, na kwamba spika nyepesi yenye mapambo mengi ni sawa na mgeni mwenye sanduku kubwa lisilo na nguo.

Nilipanga chumba nyuma ya kibaraza chake cha ufundi hapa Lyamkena, Makambako, mwanzoni mwa mwaka huu wa 1996. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya Makambako, ambayo watu walikumbuka vizuri rafu zake tupu, sasa yalijaa redio, deki za video na amplifaya za kila jina, zilizoshushwa na malori yaendayo Zambia. Vitu vilikuja vingi, lakini havikuja na ndugu zao. Mtu alinunua amplifaya iliyotoka nchi moja na spika zilizotoka nchi nyingine, akazifungisha ndoa sebuleni kwake bila kuziuliza. Zikigombana, aliitwa Dorika.

Alizaliwa karibu na Kidugala, katika familia ya wakulima wa Kilutheri. Baba yake alilima vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo Wabena huyamwagilia wakati wa kiangazi kwa mifereji midogo, na kazi ya kufungua na kufunga mifereji ilikuwa ya Dorika. Kanisani aliimba sauti ya pili, mpaka siku moja vipaza sauti vilipoanza kupiga mluzi katikati ya ibada. Akatoka kwenye safu, akavisogeza, vikanyamaza. Tangu hapo kwaya ilimtaka akae na mitambo, si na waimbaji. "Walinifukuza kwa kunisifu," alipenda kusema. Ufundi uliobaki alijifunza kwa kufungua redio zilizokufa na kutafuta kilichoziua.

Kazi ninayotaka kuieleza ilianzia kwa jirani yetu Abdulatif, mwenye malori, ambaye mtaa mzima ulimwita Tajiri, hata wale ambao hawakumwendeshea gari. Alikaa na mama yake, Bi Rukaya, mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona. Mwezi huu mjukuu wake Jasmine aliolewa huko Tanga, katika nyumba ileile aliyozaliwa bibi. Miguu ilimzuia Bi Rukaya kusafiri.

Chumba cha harusi katika nyumba ile kina milango miwili: mmoja wa barabarani, mwingine wa uani. Katika ukoo wao bibi harusi huingizwa na wanawake kwa mlango wa uani, kama alivyoingizwa Bi Rukaya, na kabla yake mama yake. Lakini maneno yalikuwa yamepita kwamba upande wa bwana harusi ulitaka mlango wa barabarani, kwenye mapambo na nafasi ya kupigia picha. Bi Rukaya alipouliza kwa simu mambo yalikwendaje, kila mtu alimjibu kwamba yalikwenda vizuri sana. Jibu hilo lilimnyima usingizi.

"Watu huwaambia vipofu mambo mazuri tu," alimwambia Dorika. "Mimi nataka kujua alipita wapi."

Mjukuu mwingine, Musa, ndiye aliyepiga video ya harusi, na kamera yake ilikuwa na maikrofoni mbili, moja kila upande. Alisimama chumbani kati ya milango yote miwili: wa uani upande wake wa kulia, wa barabarani kushoto. Kanda ingeletwa na basi kutoka Tanga siku ya Jumamosi. Kama vyombo vya sebuleni vingesema kweli, bibi angesikia mwenyewe vigelegele vinatokea upande gani.

Tajiri alitaka mama yake apate sauti iliyo bora kuliko ile ya televisheni, akanunua amplifaya nzuri na spika mbili. Sauti ikawa ndogo kuliko alivyotarajia. Akaongeza spika mbili alizozing'oa kwenye basi lake bovu, akaziunga kwenye nyaya zilezile. Sauti ikapanda kwa muda mfupi, kisha fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Alikuwa anakata kipande cha waya ili akitie badala ya fyuzi, Bi Rukaya aliposikia harufu ya kuungua na kuamuru fundi aitwe kabla nyumba haijawa mkaa.

Nilifuatana na Dorika. Tajiri alijitetea kwa heshima zote. Alisema kwamba lori likizidiwa na mzigo mtu huongeza ekseli, kwa sababu kila tairi humpunguzia mwenzake, kwa hiyo ameongeza spika ili zisaidiane. Aliisema hoja hiyo vizuri kiasi kwamba niliikubali moyoni.

"Spika si tairi, Tajiri," alisema Dorika. "Spika ni mfereji."

Kisha akatufafanulia kwa lugha ya vinyungu. Amplifaya ni banio, pale maji yanapozuiwa juu ya bonde. Kila spika ni mfereji unaotoka kwenye banio hilo. Nyuma ya spika kuna namba ya ukinzani, inayohesabiwa kwa omu, nayo hutuambia mfereji umebana kiasi gani: spika za nyumbani zilikuwa na nane, mfereji mwembamba, zile za basi zilikuwa na nne, mfereji mpana. Ukiifungua yote kwa pamoja, maji hutoka kwa kasi ambayo banio halikujengewa, na kingo zake hubomoka. Amplifaya yenyewe ilikuwa imeandikwa mgongoni kwamba haitaki chini ya nane.

"Kwa hiyo hazikusaidiana kubeba," alimaliza. "Zilisaidiana kunywa."

"Si nilimwambia," alisema Bi Rukaya kutoka kwenye kiti chake. "Huyu mwanangu hata mchuzi ukizidi chumvi, yeye huongeza sufuria."

Tajiri alicheka na kusema kwamba angeagiza amplifaya kubwa zaidi kutoka Dar es Salaam. Dorika akakataa. Ile iliyopo ilikuwa na nguvu ya kutosha, ila ilikuwa imefungwa na spika ngumu kuamshwa, ambazo hula nguvu nyingi na kutoa sauti kidogo. Palihitajika spika mbili zenye omu nane, koni pana ya karatasi, ule uso unaotikisika, na sumaku nzito. Hizo huitika hata kwa kunong'onezwa. Alipita katika maduka ya Makambako akinyanyua na kushusha, akatoka mikono mitupu.

Alhamisi tulikwenda Njombe kwa pikapu ya Tajiri, ubaridi ukitukata masikio. Dorika alikumbuka kwamba mwalimu mstaafu mmoja, Mama Konsolata, aliyekaa upande wa njia ya Uwemba, aliwahi kuwa na gramafoni kubwa ya zamani. Mama Konsolata alitupokea kwa "kamwene", salamu ya Kibena, na chai. Gramafoni ilikwisha kufa, lakini masanduku yake mawili ya spika yalikuwa barazani, kila moja limebeba chungu cha maua.

Dorika aliomba ruhusa, akavishusha vyungu, akalinyanyua sanduku la kwanza. Alitabasamu kabla hajaliangalia. Akatoa betri moja ndogo ya tochi mfukoni, akazigusisha ncha zake kwenye nyaya. Koni ikasogea mbele taratibu, kama kifua cha mtoto anayevuta pumzi. Sanduku la pili likafanya vivyo hivyo. Sijui kwa nini jambo dogo namna ile lilinifanya nisimame.

Mama Konsolata aliuliza maua yake yatakaa wapi. Tajiri aliahidi kumsombea viazi vyake vya msimu mpaka sokoni, na kumletea matairi chakavu mawili ya lori ayapandie maua.

"Hapo sawa," alisema Dorika. "Hapo ndipo matairi yanaposaidiana."

Ijumaa alasiri masanduku yalipangwa sebuleni. Dorika alinyoosha kamba kutoka kila sanduku hadi kiti cha Bi Rukaya, akakisogeza kiti mpaka kamba zikalingana. Aliunga nyaya za sanduku la kushoto. Tajiri akaomba aunge lile la kulia kwa mikono yake, kwa kuwa lilikuwa jambo la mama yake, na Dorika akampisha.

Kwa majaribio aliweka kanda ya kwaya ya nyumbani kwao, ambayo yeye mwenyewe aliirekodi kwa maikrofoni mbili. Sauti ikajaa chumba bila amplifaya kupata hata joto. Mimi niliona kazi imekwisha. Bi Rukaya alikiinamisha kichwa, akitega sikio huku na huku.

"Nawasikia watu," alisema mwishowe. "Ila hawajasimama popote. Wamesambaa kama moshi wa udi."

Tajiri alinywea. Kama watu hawakusimama popote, basi hata milango isingekuwa popote. Dorika hakubishana na mzee. Alizima, akatoa betri yake, akajaribu kila spika kutoka mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye amplifaya. Koni ya kushoto ilisogea mbele. Ya kulia ilirudi nyuma. Waya wa Tajiri ulikuwa na rangi moja pande zote mbili, naye alikuwa ameuunga kinyume. Spika moja ilisukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na kila ilichojenga ile, hii ilikibomoa. Dorika aligeuza nyaya mbili tu, akawasha tena.

Tangu jana nimejaribu mara kadhaa kukieleza kilichotokea, na kila mara maneno hunipungukia. Mwimbaji wa peke yake, msichana, alikuwa amesimama kati ya yale masanduku mawili. Hapakuwa na spika pale; palikuwa na ukuta na kalenda. Nilijua hivyo, nikapatazama, na bado nilitaka kumsogezea stuli. Waimbaji wengine walikuwa wamejipanga nyuma yake, wanawake upande wa dirisha, wanaume upande wa mlango, na kati ya safu na safu palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kupita.

Bi Rukaya aliinua kidole. Alikipeleka kwa msichana, kikatulia. Akakisogeza polepole kuelekea mlangoni, akiwahesabu waimbaji mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikifuata kile kidole nikiona aibu kwamba mwenye macho ndiye anayeonyeshwa.

"Wakristo wenu wanaimba vizuri," alisema. "Ila yule wa nyuma, wa mwisho kule, ana mafua."

Dorika aliketi chini. "Huyo ni kaka yangu Anania, Bibi. Siku ile alikuwa na mafua kweli."

Kanda ikafika mwisho. Tajiri alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, bisibisi bado mkononi.

Leo ni Jumamosi. Tajiri amekwisha kwenda stendi. Bi Rukaya amekaa kwenye kiti chake tangu baada ya sala ya adhuhuri, amejitanda kanga mpya, na amekataa chai ili vikombe visigongane. Muda mfupi uliopita alimwita Dorika karibu.

"Mlango wa uani uko kulia?"

"Kulia, Bibi."

"Na kama vigelegele vikija kushoto?"

"Vitakuja vilikotoka. Spika hizi hazina adabu ya kuficha."

Bi Rukaya aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa ahadi aliyoitaka na kuiogopa. Dorika amekwisha kuwasha amplifaya. Taa yake nyekundu inawaka. Wanawake wa jirani wamekaa mkekani, na watoto wameonywa. Kutoka njia panda imesikika honi ya basi, ndefu, na sote tumegeuka mlangoni isipokuwa Bi Rukaya.

"Hilo la Songea," amesema. "Letu bado."