Mvuke wa Jakuzi la Adhiambo

Aliyewahi kuugua kifua atanielewa upesi. Wengine mnivumilie, kwa sababu siwezi kueleza ugonjwa wangu bila kueleza kwanza jakuzi la mdogo wangu.

Mimi ni mkaanga samaki hapa Langas, mtaa wa Eldoret. Wananiita Mama Junior. Kabla ya kuugua, kitanda cha hospitali nilikijua kwa kujifungua tu. Karai la mafuta nililiinua peke yangu, nikibishana na wateja huku nageuza samaki, na moshi tulikuwa tumezoeana kama majirani. Mdogo wangu Adhiambo aliolewa na mwenye malori ya mahindi, wakajenga Yamumbi. Sikuwa na neno. Akanunua gari, nikasema Mungu ni mwema. Akaweka vigae hadi kwenye kuta za jikoni, nikameza mate. Lakini alipoweka jakuzi nyuma ya nyumba, lile beseni kubwa la viti sita, maji yanapashwa kwa stima na kutoa mapovu, roho iliniuma waziwazi. Mimi naogea beseni la plastiki, na baridi ya Eldoret mwezi wa Julai haina huruma. Na huyo mtoto nimembeba mgongoni mimi! Nikitoka kwake nilikuwa nashindwa kula.

Basi zamu ya kukaribisha chama chetu cha wanawake ikafika kwake. Adhiambo akawasha maji tangu mwanzo wa wiki ili yasije yakawa baridi yakamwaibisha. Fundi aliyeliweka lile jakuzi alikuwa amemwachia chupa ya klorini na maagizo: kabla ya wageni wengi, pima maji, ongeza dawa, osha chujio; watu waoge kwanza; wakiondoka, mwaga maji. Aliniambia mwenyewe huku anacheka.

"Hiyo dawa inanikausha ngozi, na inanuka kama swimming ya shule," alisema. "Mimi nimeweka mikaratusi."

Nilitazama. Majani yalikuwa yanaelea, mengine yameshanaswa kwenye chujio. Na mimi niliona ni akili nzuri. Nani kati yetu hajawahi kufunikwa blanketi akavuta mvuke wa mikaratusi kwa sababu ya homa? Ila ile ya nyumbani huchemshwa kwenye sufuria na kumwagwa siku hiyo hiyo. Haya maji yalikuwa ya uvuguvugu, na yalikuwa yamekaa.

Tukaingia jinsi tulivyotoka majumbani, tumepaka mafuta tunang'aa. Baada ya muda povu la kijivu likafunika maji. "Oneni mapovu!" mmoja wetu akapiga kelele kwa furaha.

Wenzangu waliingia kwa zamu na kutoka. Mimi nilikataa kutoka. Nilikuwa na mafua kidogo, nikaomba shuka, nikajifunika kichwa pale pale juu ya maji.

"Mama Junior, utaiva!" Adhiambo akanicheka.

"Niache nifaidi," nikamjibu. Moyoni nilijiambia kwamba kama siwezi kwenda na jakuzi nyumbani, nitabeba mvuke wake kifuani. Nikauvuta kwa nguvu zote.

Siku chache baadaye nilitetemeka kwa baridi mbele ya karai la moto. Kichwa kiligonga, mapaja yaliuma utadhani nimepigwa. Nikaharisha, mnisamehe mnaokula. Nikameza dawa za malaria kutoka dukani, hazikufanya kitu. Kikohozi kilianza kikavu, halafu yakaja makohozi ya rangi ya kutu, na kila nikikohoa nilishika mbavu kwa mikono miwili. Mume wangu anasema nilianza kuongea maneno yasiyoeleweka, nikimwuliza kwa nini amezima jakuzi. Hapo ndipo alipokimbia kutafuta gari.

Hospitalini waliniwekea oksijeni. Daktari alikuwa msichana mpole, akatazama picha ya kifua.

"Mama, mapafu yako yamejaa, upande mmoja karibu wote," alisema. "Hii ni pneumonia, lakini si ya kawaida. Umekuwa kwa maji ya moto, ama mvuke?"

Mume wangu akamwambia habari za chama.

"Hiyo jakuzi mliweka chlorine?"

Adhiambo alikuwa amesimama upande wa miguu yangu. "Tuliweka mikaratusi," akasema kwa sauti ndogo.

"Mikaratusi inafungua pua, haiui bakteria. Kuna moja inapenda maji ya uvuguvugu yenye haina dawa. Mvuke inaibeba straight kwa mapafu. Na huyu mama amevuta moshi miaka mingi, kifua yake ilikuwa imechoka tayari."

Wakanibadilishia dawa. Wivu niliokuwa nao kabla ya hapo ulikuwa mchezo wa watoto. Pale kitandani nilimwonea wivu mama aliyefagia wodi akiimba. Anapumua na anaimba, vyote kwa pamoja! Nilimwonea wivu hata nzi. Niliogopa kulala, maana niliona nikisahau kuvuta pumzi moja tu, Junior hatakuwa na mama.

Adhiambo alikuja kila siku na uji. Alinifuta, alinigeuza, alishika beseni nikitema. Nilitaka kumchukia, nikakosa pumzi ya kumchukia. Siku homa ilipoanza kushuka, alikaa ukingoni mwa kitanda akalia.

"Nitang'oa hiyo kitu," akasema. "Nilinunua tu ndio mkuje."

"Tukuje wapi?"

"Kwangu. Mwenye nyumba ako barabarani na malori kila siku. Kwako watu wanakula samaki wakisimama mpaka mlangoni. Mimi hukaa na hiyo nyumba peke yangu. Nilikuwa naona wivu, Mama Junior."

Nikacheka, mbavu zikaniadhibu. Kumbe mimi nahesabu viti vyake, na yeye anahesabu wateja wangu.

"Usiing'oe," nikamwambia. "Nimeilipia na mapafu."

Kupona kulikuwa polepole. Kwenda choo tu kulikuwa safari. Karai nililirudia baada ya muda mrefu, na sasa nakaangia nje, penye hewa. Fundi alirudi kwa Adhiambo, akamwaga maji, akasafisha hadi ndani ya mabomba kwa dawa, na mimi nilikaa kando nikimwuliza kila kitu. Tangu hapo maji yale nayatunza mimi, na simwachii mtu mwingine.

Kwa hiyo sikilizeni. Maji kuonekana safi si kitu. Pimeni kwa zile karatasi zinazobadilika rangi, na watu wakiwa wengi pimeni tena katikati. Kila mtu aoge kwa sabuni, mafuta yatoke. Majani yabaki kwenye mti. Chujio lioshwe, na umati ukiondoka maji yamwagwe, hata kama yanauma roho. Ukikohoa na kupata homa baada ya maji ya namna hiyo, mwambie daktari mapema, usimfiche kwa aibu. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mume wangu aliyekimbia.

Juzi chama kilirudi Yamumbi. Wanawake walipanga foleni bafuni na sabuni, wakinung'unika kwamba nimekuwa askari. Walipoondoka nilimwaga, nikasugua, tukajaza upya, na maji yalipokuwa tayari nikapima. Daktari ameshaniruhusu kuingia, mradi maji yawe na dawa na nisijifunike kichwa. Adhiambo alitangulia. Mimi nilisimama pembeni nikavuta pumzi ndefu hadi chini kabisa, haikukwama popote.

"Bado unaona wivu?" akaniuliza.

"Sana," nikasema.

Viti vitano vilikuwa vitupu. Nilimwambia asonge.