Nilimnusisha Baba Mkwe Vijidudu vya Maabara

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Kama unasoma hii ukitafuta mahali pa kunihurumia, wacha. Nilijihurumia mwenyewe karibu miezi miwili, na mzee wa watu akabaki nusu mtu.

Nilikuwa fundi katika maabara moja ya utafiti wa magonjwa ya mifugo huku kwetu Kericho. Si fundi tu, jameni! Nilikuwa afisa wa usalama. Yaani kati ya watu wote, mimi ndiye nilipewa kazi ya kuhakikisha vijidudu tunavyofuga kwa visahani havitoki nje na haviingii kwa mtu. Nilipelekwa semina Nairobi siku tatu. Chakula kilikuwa kizuri. Nikarudi na cheti.

Kila Ijumaa nilitakiwa kujaza rejista ya ajali. Nilikuwa naandika "Hakuna tukio" za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, hata za Ijumaa ambazo Mungu alikuwa hajaumba bado. Bosi alipitia, akaweka sahihi, akanisifu kwa bidii.

Sasa nilikuwa na mchumba. Nimwite Chebet, mwalimu wa nasari kule Boito. Baba yake alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai mpaka akastaafu, mtu aliyezoea kukataa majani ya watu mbele ya umati. Na mimi alinikataa hivyo hivyo. Siku ya koito, wazee wetu wameenda kuniombea msichana, wamekaa vizuri, mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, imemiminwa, mzee akanigeukia.

"Kijana, ni ukweli ulisoma miaka minne ndio upime mavi ya ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Hata mjomba wangu, ambaye alikuja kwa upande wangu! Mimi pia nilicheka. Lakini iliniuma, wueh! Chebet nilipewa, sikatai, lakini nilipewa kama mtu anayepewa majani yaliyobaki.

Nikaapa huyo mzee lazima aone mimi ni nani.

Jumamosi moja bosi alienda mazishi Nakuru. Nikamwita mzee. Kwa mlango wa chumba cha ndani kulikuwa na karatasi nyekundu: wageni hawaruhusiwi. Niliibandika mimi mwenyewe. Nikafungua huo mlango kama wa sebule yangu.

"Karibu, Baba."

Nikamvisha koti jeupe. Maski sikumpa, kwa sababu nilitaka picha itoke vizuri. Halafu nikatoa kisahani cha brusela. Ni ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na ukiingia kwa binadamu anashikwa na homa isiyoisha. Hivyo visahani hufunguliwa ndani ya kabati maalum tu, lenye kioo mbele na feni ya kunyonya hewa, ndio vijidudu visikuingie puani. Lakini ndani ya kabati mzee hangeona vizuri. Nikakifungulia mezani.

"Hivi vidoa vidogo ndio ugonjwa?"

"Ndiyo, Baba. Kila kidoa ni mamilioni."

"Na vinanuka?"

Hapo ndipo ningefunika. Hapo! Badala yake nikasema, "Nusa tu, Baba. Mimi ndiye mkubwa wa usalama hapa."

Akainama, akavuta kwa nguvu kama mtu wa ugoro. Akasema hasikii kitu. Mimi nami nikanusa, ndio aone mimi si mwoga. Wanaume wawili wazima, pua ndani ya kisahani!

Mzee akarudi Boito akiniita daktari. Na Ijumaa ilipofika, rejista ilikuwa imeshajazwa: Hakuna tukio.

Wiki tatu baadaye nikashikwa na homa. Jioni natetemeka, asubuhi shuka imelowa jasho, magoti yanauma kama nimelima ekari nzima. Mimi si mjinga wa vitabu. Nilijua siku ya kwanza. Nikaenda kliniki moja ya mbali ambako hakuna anayenijua, nikawaambia wanipime brusela. Nikapewa dawa za wiki sita.

Siku hiyo hiyo nilipotoka kliniki, Chebet akanipigia simu. "Baba ni mgonjwa. Homa imekataa kushuka. Wewe ni daktari, unaonaje?"

Msomaji, dawa zilikuwa mfukoni mwangu. Zilikuwa zinapiga kelele kwa karatasi!

Nikasema, "Taifodi inasumbua sana msimu huu."

Basi mzee akatibiwa taifodi. Ikashindikana, akatibiwa malaria. Wakamdunga, wakambadilishia, mchungaji akaja akamwekea mikono. Mimi naye tulipiga magoti pamoja, nikasema amina kubwa kuliko ya watu wote. Kila wiki mimi napata nguvu, yeye anakonda. Mgongo ukaanza kumuuma, akawa analala ubavu mmoja. Na kila nilipoenda kumwona, ananishika mkono.

"Daktari wangu amekuja."

Nilikuwa nimelilia hilo jina. Sasa kila akilitaja natafuta sababu ya kuondoka.

Ningesema lini? Kila siku nilijiambia kesho. Nikisema, kazi imeenda, na Chebet ameenda. Nilipiga hesabu hiyo vizuri sana. Mzee mwenyewe sikumweka ndani ya hesabu.

Ni daktari mmoja msichana, mgeni kwa hospitali, aliyempima brusela. Chebet akatumwa duka la dawa. Kutoka huko akaja kwangu moja kwa moja, hata hakuketi. Akaweka pakiti mezani.

"Hizi ndizo ulikuwa unameza. Uliniambia ni za chunusi."

Nikaigeuza pakiti, nikasoma jina kama silijui.

"Ng'ombe wa nyumbani walipimwa wote mwezi uliopita, ni wazima. Na maziwa tunachemsha. Sasa niambie Baba alitoa wapi huu ugonjwa, na wewe ulianza dawa lini."

Nikamwambia yote. Hakulia. Alisema tu, "Twende ukamwambie yeye."

Mzee alinisikiliza akiwa amelala ubavu. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ulipokuwa unaomba na mimi hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Baba."

"Ule ugonjwa ni ujinga wetu sisi wawili. Huo nakusamehe. Lakini hayo maombi, hapana. Ondoka kwangu."

Jumatatu nikamwambia bosi. Unajua swali lake la kwanza? Si mzee anaendeleaje. Alisema, "Umeandika hiyo mahali?" Halafu akanifuta. Maabara ikafungwa, wafanyakazi wote wakatolewa damu. Mwenzangu mmoja alikuwa mjamzito, na meza yake ilikuwa karibu na ile niliyofungulia kisahani. Alingoja majibu siku nyingi bila kula vizuri. Alitoka mzima, namshukuru Mungu. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nilikuwa nafuata kila sheria uliyotufundisha." Ningependelea anitukane.

Nasikia maabara sasa imebandika karatasi nyingine kwa mlango, kubwa kuliko ile yangu, ya rangi. Hongera zao! Karatasi yangu pia ilikuwa nzuri sana. Shida ilikuwa mimi.

Chebet ameolewa na mtu wa Merigi. Mimi niko Sosiot nachuna majani ya mamangu, na hakuna anayeniita daktari.

Wewe uliye maabarani, unayejaza fomu bila kuangalia, unayefungulia mgeni ndio akuone wa maana: wacha. Na kama umeshafanya, usingoje upate ujasiri, kwa sababu hauji. Piga simu leo ukitetemeka hivyo hivyo. Yule daktari msichana alisema mzee angekuja wiki ya kwanza, mgongo wake haungeharibika. Sasa hawezi kuinama. Asubuhi ya kanisa mke wake anapiga magoti kumfunga kamba za viatu, na yeye anaangalia ukuta.

Hiyo ni kazi yangu. Cheti ninacho bado.