Musikate akasia za Mbuyi kwa moto ya kilio yake

Hapana. Mi nakatala. Banasema Mbuyi alikufa juzi asubuhi, kifua ilimufunga, na mi mpaka saa hii nakatala.

Niko naandika mi mwenyewe ku telefone, kidole moja. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu, lakini mutu wa kuniandikia bitu yangu hajazaliwa. Mwenye iko na haraka apite.

Benye hamumujue: Mbuyi ni jirani yangu hapa Musonoi, tangu tulikuwa bote banaume ba kampuni. Baba yake alitoka Kasai kuya kutumika mu mine, mu mugodi ya shaba. Mi natoka kaskazini ya Katanga.

Yeye alikuwa ku atelier ya kutengeneza mashini, mi ku timu ya mbao. Shoka yangu ni ya mukono wa kushoto, na banaume bawili ba mukono wa kuume habakuniweza. Muulize. Kampuni ilinipa kiti ya mulombwa, mbao nguvu kama chuma, na jina yangu nyuma. Muliiona mu picha zangu zote.

Nyuma ya nyumba zetu kuko ravini, ile shimo ndefu maji ya mvua inachimba. Kila mwaka inakula kipande ya kiwanja. Mbuyi njo alipanda akasia ku mudomo yake, mizizi ishike bulongo.

Tulimuchekelea. "Mbuyi, unaleta pori mu cité?" Alijibu: "Napiga misumari."

Halafu ile mwaka mubaya. Bakubwa ba Katanga balisema batu ba Kasai barudie kwabo. Batu benye habakujua Kasai ata ku karte ya inchi! Mi sikufukuza mutu. Lakini sikufungua kinywa pia, na mi ni mutu wa kinywa kubwa, munanijua.

Mbuyi na bibi yake na batoto balilala ku gare majuma na majuma, bakingoya treni. Nilibapelekea bukari, ugali yetu. Niliwaza atanililia. Yeye:

— Kabange, nyumba ata bakiiba milango, tutaweka ingine. Miti usiguse.

— Banakufukuza, na we unawaza miti?

— Maji haitauliza mutu anatoka wapi. Itakula kwangu, halafu itakula kwako.

Treni ilienda. Kampuni nayo ikaanguka. Salere, ile mushahara, hakuna. Unga ya kila mwezi, hakuna. Kila mutu alienda kuchoma makala, ile makaa ya kupikia. Pori ilikuwa mbali, akasia ilikuwa nyuma ya mulango.

Naandika hii mara moja tu: nilikata yote. Nilichoma makala, tukakula.

Mvua ya mwaka ya pili haikuisha, jiko ya mama Odette, jirani yetu, ilishuka mu ravini na kuku zake zote.

Kisha miaka kadiri Mbuyi alirudia, na ndevu nyeupe. Hakuingia mu nyumba. Alienda sawa ku ravini, akainama ku bisiki, akapitisha kidole ku alama za shoka.

— Nani alikata?

— Njala.

— Hii njala ni ya mukono wa kushoto, Kabange.

Hakunitukana. Ile njo inaniuma mpaka leo. Afazali angenipiga! Alinipa bidon ya manjano: "Mukono ule ule, ubebe maji."

Miaka mbili, wakati wa jua, nilibeba maji toka ku robinet ya bomba, asubuhi na magaribi, kwa miche yake mupya. Batu banacheka: "Tata Kabange anaogesha miti!" Nilibatukana bote, mumoja mumoja, na majina.

Miti zilikomea, zikakuwa kubwa. Na mvua ya siku hizi haina tena adabu: inachelewa mpaka mahindi inakauka, halafu inaanguka yote siku moja. Bloc ya chini ilipoteza nyumba ine. Yetu inasimama. Na mi mu baa nilikuwa nasema, mi njo nilipanda. Mbuyi aliniangalia tu, akakunywa chai yake.

Sasa musikie ya jana.

Kilio, matanga ya Mbuyi, iko kwake. Banaume tunaikaa inje, moto isizimike mpaka mwisho, na kuni ni kazi ya bakwe, benye balioa batoto ba marehemu. Nasikia panga nyuma ya nyumba. Nafika: bakwe beko banakata akasia. Akasia za Mbuyi! Kwa moto ya kilio ya Mbuyi!

— Nyinyi! Akili yenu iko wapi?

— Tata, kuni iko mbali. Na ii iko hapa.

— Na ravini?

Mukubwa wao, mutu muzima na tumbo yake, akaniangalia:

— Tata Kabange, si we njo ulikata za kwanza? Bibi yangu, mutoto wa Mbuyi, alinielezea yote. Baba yake alimuonyesha bisiki.

Nilibageuzia mugongo.

Nilirudia kwangu. Nilitosha inje kiti ya mulombwa. Niliipasula na shoka, na mukono wangu wa kushoto, mi na miaka yangu, mapigo ine, sikupumuzika. Nikaitia mu moto mbele yao. Inawaka kupita akasia, mujue. Asubuhi niliongeza meza. Kuni ikikosa tena, mulango iko.

Na nyinyi benye munaandika "pole, pole" na kutia maua ya telefone: maua ya telefone haishike bulongo! Mukuye na kuni za kwenu. Ao mukuye na miche.

Mbuyi, ndugu yangu. Zinabaki kumi na moja. Zile mbili balikata, nitapanda. Na si mi nilipanda zile za kwanza, ao zile za pili. Ni wewe. Mu baa nilidanganya batu, sasa iko inaandikwa hapa, kila mutu asome.

Niko naikaa yulu ya bidon yako, mugongo ku miti, shoka ku magoti. Mwenye panga akuye tuonane.

We lala, tata. Mvua, nitaiangalia mi.