Zambarau Mpaka Asubuhi

Mwaka uliofuata zile mvua zilizokula barabara, nilipata kazi ya kudonoa bakteria. Nilipowaambia watu wa Msambweni walicheka, nami nikacheka nao, maana kazi yenyewe ilikuwa hiyo hasa: unachukua kijiti cha kuchokolea meno kilichochemshwa kwenye sufuria ya presha, unagusa kidoa kimoja cha bakteria, unakichovya katika kishimo cha sahani ya plastiki, unatupa, unachukua kingine. Mpaka shingo igande.

Aliyenipa kazi alikuwa dada mmoja wa bara, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeazimwa chumba nyuma ya zahanati. Mimi niliishia darasa la nane, lakini alinieleza mambo yake kana kwamba tulikaa dawati moja. Ndani ya bakteria wale mlikuwa na kimeng'enya ambacho kazi yake ya kuzaliwa ni kubandua fosfati. Yeye alitaka kiifanye kinyume: kichukue fosfati kwenye chumvi ya bei rahisi, kiibandike kwenye sukari, mahali pale pale panapotakiwa, ili wakemia waitumie kuundia dawa. Kubandika kilijua. Tabu ni kwamba kikishabandika, kinageuka kubandua.

"Kama shangazi yangu," nilimwambia. "Anakupa leso ya kuvaa harusini, kesho anatuma mtoto aje kuichukua."

"Haki, basi mimi natafuta shangazi asiyetuma mtoto."

Alikuwa akiibadilisha jeni ya kimeng'enya hapa na pale, bila kujua badiliko lipi litafaa, na kila kidoa kikawa na kimeng'enya chake, tofauti kidogo na cha mwenzake. Mimi nilidonoa, yeye alitia sukari na chumvi, tukaacha usiku kucha. Asubuhi nilitia matone ya asidi, naye alitia dawa ya rangi. Palipo na sukari yenye fosfati pangegeuka zambarau. Hapakugeuka popote. Kila asubuhi maji meupe, nami nikawamwagia klorini. Niliwaonea huruma. "Poleni," niliwaambia, "si makosa yenu."

Nyumbani mama aliniuliza, "Hiyo dawa yenu inatibu nini?"

"Bado si dawa, mama. Ni kitu cha kutengenezea dawa."

"Aa, mnafyatua matofali."

"Hata matofali bado. Tunatafuta udongo."

Alinitazama macho yangu mekundu, akanisogezea uji.

Chumba kilikuwa chetu mpaka Idi. Dada akikosa, ingembidi aombe mwaka mwingine, mahali pengine, na alikuwa na binti mdogo aliyemwacha bara kwa nyanya yake. Kila Jumapili alimpigia kutoka kwenye simu ya kibanda nje ya posta. Jumapili moja alirudi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupanga vijiti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Ameniita anti," akasema.

Nilimpangia vijiti upande wa pili.

Ramadhani ikatukuta hivyo hivyo. Joto lile la kaskazi, mdomo mkavu, na harufu ya bakteria inayofanana na uji uliochacha. Alasiri moja nilitakiwa nyumbani mapema nikamsaidie mama kupika futari. Sahani za siku ile zilikuwa zimeanza kazi muda mfupi tu.

"Dada, niruhusu nizizime sasa, nioshe kabisa. Kesho nisikute mlima."

Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. "Zima tu. Zote ni zile zile."

Nikatia yale matone ya asidi yanayokizima kimeng'enya. Yeye, kwa mazoea tu, akatia dawa ya rangi. Nilikuwa nimeshavaa buibui niliposikia ndoo ikianguka.

"Umeweka nini humu?"

"Asidi, dada. Ile ile. Wallahi sijaongeza kitu!"

Vishimo vilikuwa vinaiva, kimoja hapa, viwili pale, zambarau kama matunda ya mzambarau. Aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. "Vilikuwa vinabandika," akasema polepole. "Siku zote hizi. Halafu sisi tukienda kulala, vinabandua. Nimeviacha motoni kama maharagwe, nikidhani vikikaa sana ndio vitaiva."

"Na wale niliowamwagia klorini?"

"Wale wamekwenda."

Niliona atalia, lakini alikuwa amechoka hata kwa hilo. Alirudi kwenye vidoa vya asili, akadonoa mwenyewe yule aliyetoa zambarau kali kuliko wote, akampeleka kwenye friji, na kesho yake akaanza kuibadilisha jeni yake upya, apate wana wake. Kwa wana hao tulijaribu mara mbili: sahani moja tuliizima mapema, ya pili tuliiacha ilale. Mapema, zambarau tele. Asubuhi, maji meupe. Tukadonoa tena. Kuna siku nililala juu ya meza na kijiti mkononi, nikaota nimevaa koti jeupe lenye mifuko miwili, na mifukoni mna tende.

Asubuhi ya Idi nilipita na mahamri chini ya kawa, katika nguo yangu mpya. Nilimkuta amesimama dirishani na sahani ya mwisho. Kishimo kimoja, pembeni kabisa, kilikuwa zambarau.

"Hiyo ya mapema?"

"Ya kulala."

"Imelala hivyo?"

"Imelala hivyo."

"Shangazi hajatuma mtoto!" nikasema. Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. Tulikihifadhi kidoa chake kwenye friji, mahali pawili, tukaenda posta. Nilimshikia mkoba, nikajifanya natazama watu waliotoka kuswali. Nilimsikia akisema, "Hapana, si anti." Akaegemea kibanda. "Ni mama. Nakuja."

Alibaki pale kibandani, na mkono wa simu umebanwa sikioni. Mimi nikarudi chumbani. Vishimo vingine vyote vilikuwa vyeupe, na sahani zilikuwa mlima. Nilijifunga leso juu ya nguo ya Idi, nikaanza kuosha.