Povu Apanda Wodini

Mfuaji wa mashuka wa hospitali tulimwita Povu, na jina likamkaa. Miaka kumi na moja mikono yake haikutoka kwenye sabuni. Alichotaka ni kupanda ngazi moja tu, awe msaidizi wa wodini, awaone wagonjwa aliowajua kwa madoa yao tu. Tatizo, wapenzi wangu, usaili ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza kilimpiga chenga tangu shuleni.

Wifi yake, mwalimu wa chekechea, akamwambia, "Shika neno moja, wifi, ulijue nje ndani. Anza na 'take'."

Kumbe neno lenyewe lina vifaranga kibao! Kuna la kuchukua, la kumeza dawa, la kuvua viatu, la kupima joto. Kichwa kilipogoma, Povu akayakariri kwa mikono. Akivua ndala, anasema, "Take off." Akimshika mumewe kifundo cha mkono, anahesabu mapigo, "Take your pulse."

"Mke wangu, mimi mzima!" mume akalalamika. "Tangu asubuhi umenipima mara tano."

"Tulia, mgonjwa."

"Vumilia, kaka," wifi akadakia. "Angalau sasa kuna mtu anakujali."

Siku ya usaili, matroni akamtaka aeleze kazi za msaidizi. Povu akafungua mdomo, Kiingereza kikampiga chenga tena. Akaomba ruhusa asimame, akamwendea karani mzee aliyekuwa akiandika pembeni, akamshika kifundo cha mkono. "I take your pulse." Akainama, akamvua kiatu. "I take off." Akamnyooshea glasi ya maji iliyokuwa mezani. "Take your medicine."

Karani, mtu wa masihara, akajifanya mgonjwa mkorofi. Akafumba mdomo, akageukia ukutani.

Povu hakuwa na Kiingereza cha kubembeleza wala cha kufoka. Akavuta kiti, akaketi karibu naye, glasi magotini.

"Take your time, baba," akasema taratibu. Yaani, usiwe na haraka, mimi nipo.

Akakaa kweli. Hakutazama saa, hakumtazama matroni. Mwishowe karani mwenyewe akaona haya, akapokea glasi, akanywa yote.

Matroni akafunga faili.

"Kiingereza chako bado kichanga," akasema kwa Kiswahili. "Jumatatu uje na viatu vya mpira. Wagonjwa wangu hawapendi kelele."