Kitambaa Juu ya Ruta

"Ruka hiyo, shemeji, ishafika," alisema, nami nikairuka. Kisha akasema, "Sasa futa, niondoke nayo," nami nikafuta. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana.

Aliyesema hivyo ni mdogo wa kiume wa marehemu mke wangu, mwenye duka la kupiga picha kule Nyalikungu, wilayani Maswa. Alikuja Bariadi kuchukua kompyuta yangu ya zamani ya mezani, niliyomwahidi baada ya watoto kuniletea laptop. Nilipomwambia asubiri wiki moja nihamishe vitu vyangu kwa utulivu, alicheka mpaka jirani akachungulia.

"Ng'ombe wa mahari mliotuletea walikuwa na kupe," alisema, "tukanyamaza. Leo hata kompyuta kuukuu mnatunyima?"

Kwetu shemeji wa namna hiyo humwambii arudi kesho. Nikaketi kuhamisha.

Flashi ilizikataa video za harusi kwa ukubwa wake, kwa hiyo tulipitisha kila kitu kwenye mtandao wa nyumbani, kutoka kompyuta ya zamani kwenda kwenye laptop kupitia ruta iliyoko sebuleni. Picha ndogo ndogo zilipita kama mbuzi wanaotoka zizini. Ilipofika zamu ya harusi ya kijana wangu mkubwa, ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika ulikwenda kupita nusu, ukasimama. Taa za ruta zikazimika, baada ya muda zikawaka tena. Nikaanza upya. Kompyuta ikaniuliza: faili yenye jina hili tayari iko huko, niibadilishe au niiruke? Tulizitazama zote mbili. Jina lile lile, ukubwa ule ule. Shemeji akasema niruke.

Sikujua kwamba laptop hutenga nafasi ya faili nzima kabla haijaipokea, kama mkulima anayejenga ghala kubwa pamba ikiwa bado shambani. Nililiona ghala, nikadhani nimeona mavuno. Na mimi ndiye niliyekuwa karani wa kununua pamba Sapiwi kwa miaka mingi. Hakuna gunia lililopita kwenye mizani yangu kabla sijatumbukiza mkono hadi kiwiko, maana juu huwa pamba safi na chini mchanga. Siku ile sikutumbukiza mkono. Sikufungua hata video moja. Nilifuta, shemeji akaifunga kompyuta nyuma ya pikipiki, tukaagana vizuri.

Mwishoni mwa harusi ile mke wangu alipewa maiki aseme na bibi harusi. Hakuwa mtu wa kupenda kamera. Ukimwelekezea simu alikuwa anageuka na kuanza kuosha vyombo. Hapo tu ndipo sauti yake ilipokuwa imehifadhiwa. Kanda ya awali, nakala nyingine pekee iliyokuwepo, iliota ukungu mvua zilipoingia stoo.

Miezi ikapita. Binti yangu mdogo akaja nyumbani kujiandaa kwa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, akiwa na laptop yake mwenyewe.

"Baba, nataka ile sehemu ya mama tuionyeshe ukumbini," aliniambia. "Na mimi aniage."

"Ipo, mayu," nikasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo tunavyowaita mabinti zetu. "Chukua kwangu, mtandao upo."

Akajaribu kuivuta kutoka kwangu kwenda kwake. Ikafika mahali, ikakata. Akajaribu tena, ikakata, lakini si mahali pale pale. Picha zilikwenda, nyimbo zilikwenda, harusi ikagoma. Tulilaumu umeme. Tukahamia chumba kingine. Nikaenda mjini kununua waya mpya, tukaziunganisha laptop na ruta kwa waya badala ya hewani. Ikakata vile vile. Tukazizuia laptop zote mbili zisisinzie zenyewe.

"Mtandao wako unachoka njiani kama wewe unapopanda kilima," alisema.

"Mimi huwa nafika."

"Unafika, lakini tunakuwa tumeshakula."

Maneno yale ya kuchoka njiani yalinifanya nifikiri. Kitu kinachofanya kazi vizuri kwa muda mfupi, kisha kinaanguka, kisha kikipumzika kinaamka: hiyo si tabia ya waya uliokatika. Nikamwambia hivyo. Naye akatazama kabatini ilipokaa ruta, ambako hakuwa ametazama tangu aje.

"Baba, mbona umeivalisha ruta sweta?"

"Si sweta. Ni kitambaa cha mama yako."

Mke wangu alifuma vitambaa vya kila kitu mle ndani: televisheni, redio, migongo ya makochi, hata pipa la maji. Ruta niliinunua baada ya yeye kuondoka, na kila nilipoitazama niliona imekaa uchi kati ya wenzake waliovaa. Nikachukua kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, nikakikunja mara mbili, nikaifunika yote.

Binti yangu aliingiza kiganja chini ya kile kitambaa, akautoa mkono haraka. "Ina homa, Baba. Shika."

Nilishika. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Nilikiondoa kitambaa kwa mikono yangu mwenyewe, nikaiacha ruta ipoe, kisha nikaisogeza karibu na dirisha. Tukaanza tena. Mstari wa kijani ulikwenda, ukapita pale tulipozoea kukwama, ukaenda mpaka mwisho. Binti yangu alipiga kigelegele peke yake sebuleni.

Akaifungua, akaipeleka mbele. Mke wangu anasimama. Anapokea maiki. Anaifuta kwa pembe ya khanga kama mtu anayefuta kikombe cha mgeni. Kisha giza.

Tulirudia kwenye laptop yangu. Giza pale pale. Ndipo nikaelewa kwamba kilichokata siku hizi ndicho kilichokata siku ile, na kwamba nilifuta nzima nikabaki na nusu. Nilimweleza binti yangu yote, pamoja na lile swali la kuruka. Kisha nikampigia shemeji kuuliza habari za ile kompyuta.

"Niliisafisha siku ile ile," alisema. "Nikaijaza kazi za wateja. Kwani kuna nini?"

Nilipomweleza, hakutania. Kesho yake alikuja na kompyuta, tukaipeleka kwa fundi mjini. Fundi alifukua picha za watu wa Maswa tusiowajua, paspoti na maharusi, lakini si mke wangu. Nilimwambia shemeji kwamba kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

"Na mdomo ulikuwa wangu," akasema.

Binti yangu ndiye aliyepata njia. Maneno yale mama yake hakuiambia kamera, alimwambia mtu, na mtu huyo bado tunaye: mke wa kijana wangu mkubwa.

Siku ya sendofu shemeji alisimamia mitambo. Picha ilipofika pale pa kufuta maiki, aliisimamisha. Mke wangu akabaki ukutani, mkubwa, khanga mkononi. Mkwe wangu akapanda jukwaani akamgeukia wifi yake.

"Mama aliniambia nyumba haijengwi na anayeshinda ugomvi," alisema. "Akaniambia nikichoka niende nikapumzike kwake. Lakini niende na kikapu, nisiende na begi."

Ukumbi uliangua kicheko, na binti yangu akacheka huku machozi yakimshuka. Shemeji alirekodi yote. Nakala moja iko kwangu, nyingine Nyalikungu, nyingine kwa binti yangu Malampaka, alikoolewa. Na kila moja niliifungua mwanzo, katikati na mwisho, kabla sijasema imefika. Kile kitambaa binti yangu alikiomba. Amekiweka juu ya meza, na juu yake hakuna kinachopata moto.

Majirani sasa huniletea laptop zao, nami huwaambia wasifute kitu mbele yangu kabla hatujakitazama chote.

Picha ya mke wangu ninayo, na maneno yake tunayo. Sauti yake haipo tena popote, na wajukuu wangu hawataisikia.